Wacheni Kuniuzia Mafuta, Nipimeni Damu

Juzi niliposti picha yangu bila wigi na bila mtandio. Kichwa kama kilivyo: nywele chache, nyembamba, ngozi inaonekana kote kama shamba la mahindi lililokosa mvua. Nikaandika maneno mawili tu, "Ndio mimi," nikaenda zangu kulala.

Asubuhi naamka, komenti zimejaa. Mmoja: "Mashallah kipenzi, njoo inboksi nina mafuta ya siku saba." Mwingine: "Huyu kachezewa, apelekwe kwa mganga." Mwingine, mwanamume mzima na ndevu zake, kaweka picha ya mpira na vicheko kumi. Na mwingine, aliyedhani ananitetea: "Muacheni jamani, ana sukari huyo, ni kawaida."

Nimezisoma zote. Hakuna hata mmoja, wallahi hata mmoja, aliyeuliza: "Ushapima damu?"

Sasa leo ni zamu yangu kusema. Kama una nywele nzuri, soma. Kama unauza mafuta, soma mara mbili.

Kwanza niwaeleze nilikotoka. Nina kisukari, ile aina ya kwanza, ya kujidunga insulini. Sikuipata kwa kula keki, tusianze hayo. Nilikuwa fomu two ilipojitokeza, na tangu hapo sindano ni kama mswaki kwangu. Nimezoea. Mwaka jana ndio nikaanza kuokota nywele. Kwenye mto, kwenye kola ya nguo, kwenye tundu la maji bafuni mpaka maji yakawa hayapiti. Msusi wangu wa Kisumu Ndogo alifungua rasta zangu akanyamaza kimya. Na nyinyi mnawajua wasusi wa Malindi. Msusi akinyamaza, ujue kuna jambo zito.

Hazikuwa nywele peke yake. Mwezi wa pili, joto la Malindi, watu wanatoa mikeka nje walale upepo uwapige, mie najifunika shuka mbili na meno yanagongana. Nalala saa kumi, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Choo siku nne. Ngozi kavu hata nikijipaka mafuta ya nazi nusu chupa. Siku zangu za mwezi zikawa nzito na ndefu. Nyusi zikapungua pale mwishoni, upande wa masikioni. Na usiku sukari inashuka bila sababu, dozi ni ile ile, chakula ni kile kile.

Mamangu akasema ni sukari hiyo. Shangazi akasema ni jicho, watu wananitazama sana mtandaoni. Shosti wangu akasema nibadilishe shampuu. Kliniki niliyokwenda, nikaambiwa nipunguze mawazo, msichana mdogo hivi una mawazo ya nini? Nikarudi nyumbani na mawazo zaidi.

Miezi saba hivyo. Mpaka siku moja daktari wa zamu, kijana tu, akanitazama nyusi, akanishika shingo, akaniuliza kama naskia baridi. Akaandika herufi tatu kwenye karatasi: TSH. Majibu yalipotoka, tezi yangu ya thairoidi ilikuwa karibu imelala kabisa. Pesa nilizokuwa nimetumia kwa mafuta, vidonge vya nywele na wigi zingelipa kile kipimo mara nyingi tu, na chenji ningepanda matatu mpaka Kilifi nikarudi.

Sasa sikiliza vizuri, manake hii ndio sehemu ambayo hakuna muuza mafuta atakayokueleza.

Hapo mbele ya shingo yako, chini ya koo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Hiyo ndio thairoidi. Inatoa homoni zinazoamua mwili uende kasi gani: moyo, tumbo, joto, ngozi, nywele. Ikizembea, kila kitu kinazembea. Ikipitiliza, unakuwa kama pikipiki ambayo aksileta imekwama: moyo unakimbia, mikono inatetemeka, jasho, unakonda na unakula, wengine macho yanatokeza. Na katika hali zote mbili nywele hudondoka. Hazidondoki kwa viraka. Zinapungua kichwa kizima, taratibu, mpaka siku moja kioo kinakushtua.

TSH ni homoni inayotoka kwenye ubongo kuigutua thairoidi ifanye kazi. Tezi ikilala, ubongo unapiga kelele, TSH inapanda. Tezi ikipitiliza, ubongo unanyamaza, TSH inashuka. Damu kidogo ya mkononi inatosha kujua. Hakuna ramli hapo.

Na mbona mafuta hayasaidii? Unywele wa kichwani hukua miaka miwili hadi sita, kisha hupumzika kama miezi mitatu, halafu hudondoka na mwingine ukaota. Kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Mwili ukipata mtikisiko, kama homa kali, kujifungua, upasuaji au homoni kuharibika, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja. Unaziona zikianguka miezi miwili mitatu baadaye, umeshasahau kilichotokea. Kwa hivyo unalaumu shampuu ya wiki iliyopita wakati kesi ni ya Januari. Na mafuta unapaka juu ya ngozi, amri ya kupumzika imetoka kwenye damu.

Sasa nije kwa lile la "ana sukari, ni kawaida." Hili ndilo linaloniudhi kuliko vicheko.

Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili, wale askari wanaopaswa kutulinda, wanapogeuka na kushambulia kongosho. Askari waliogeuka mara moja wanaweza kugeuka tena. Wakiishambulia thairoidi, ugonjwa unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912. Wakishambulia tezi za adrenali, zile mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, inakuwa Addison. Ndio maana miongozo ya kimataifa ya kisukari inasema mwenye aina ya kwanza apimwe thairoidi baada ya kugunduliwa, na arudie kupimwa miaka inavyokwenda. Yaani mie ndiye niliyefaa kupimwa kabla ya mtu yeyote mtaani kwetu. Lakini kwa sababu nina ugonjwa mmoja, kila kilichonipata kikatupwa kwenye gunia la huo huo.

Na si wenye sukari peke yao. Mwenye lupasi anaambiwa ni lupasi. Anayemeza dawa za TB sugu anaambiwa ni dawa tu, vumilia, na kumbe ethionamidi, mojawapo ya dawa hizo, inajulikana kuilaza thairoidi. Mwenye siko seli, na Kilifi hii nani hamjui mwenye siko seli, anaambiwa ni damu tu. Ukishakuwa mgonjwa wa kudumu, watu hukunyima haki ya kuugua kitu kingine. Hebu tuache. Mgonjwa wa siku nyingi akikwambia kuna kipya, muamini. Yeye ndiye anayeujua mwili wake vizuri kuliko jirani.

Tuje kwa wauzaji sasa. Vuteni viti.

Kuna anayeuza vidonge na pipi za bayotini, "nywele, ngozi na kucha." Sawa. Ila je, amekwambia kwamba bayotini nyingi huvuruga vipimo vya maabara? Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo rasmi. Kwa thairoidi inaweza kuonyesha tezi imepitiliza wakati imelala, au ni nzima wakati ni mgonjwa. Kwa hivyo unakula pipi ya nywele, inakuficha ugonjwa unaokunyonyoa. Kama unatumia, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu.

Kuna anayeuza mwani kwenye chupa, eti "dawa ya tezi." Sina ugomvi na kina mama wa Kibuyuni kule Kwale wala wa Zanzibar wanaoulima, wanakula jasho lao. Ugomvi wangu ni na anayeusaga na kuuita tiba. Mwani una ayodini, na kiasi chake hubadilika badilika. Thairoidi inahitaji ayodini kidogo, kweli. Lakini hiyo unaipata kwenye chumvi ya jikoni, tena chumvi inayovunwa hapa hapa kwetu, Gongoni, Marereni na Kurawa. Kenya ilifanya kutia ayodini kwenye chumvi kuwa lazima tangu 1978. Ukizidisha, hasa ukiwa na Hashimoto, tezi inaweza kuharibika zaidi.

Halafu kuna ile ya TikTok, kinywaji cha adrenali: juisi ya machungwa, maji ya dafu, chumvi kidogo, koroga, kunywa, uchovu kwisha, nywele kurudi. Jamani. Maji ya dafu nimekunywa tangu sijaota meno, kama yangekuwa yanatibu adrenali Kilifi nzima tungekuwa mashujaa wa mbio. Na mie mwenye sukari ukinipa glasi ya juisi kila asubuhi unanitibu au unaniua?

Wanaouza hayo wanasema una "uchovu wa adrenali," eti tezi zimechoka kwa mawazo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazil walipitia tafiti 58 kulitafuta jambo hilo na hawakupata ushahidi kwamba ni ugonjwa. Uchovu wako ni wa kweli, sikatai. Jina walilokupa ndilo la kuokotwa. Na kibaya zaidi, mwaka 2018 huko huko Marekani zilichapishwa habari za vidonge 12 vinavyouzwa kwa ajili ya adrenali: vyote 12 vilikutwa na homoni ya thairoidi ndani, na vingi vilikuwa na steroidi. Hakuna lebo iliyosema. Unadhani unameza majani, kumbe unameza homoni.

Ugonjwa wa adrenali wa kweli upo, na si mchezo. Daktari Thomas Addison wa London aliuandika mwaka 1855, na wagonjwa wake kadhaa wa mwanzo walikuwa na TB iliyokula tezi hizo. TB tunayo bado sisi. Dalili zake ni uchovu usioisha, kukonda, presha ya chini, kizunguzungu ukisimama, hamu ya kulamba chumvi, na ngozi kuwa nyeusi kuliko kawaida kwenye fizi, vifundo vya vidole na mikunjo ya viganja. Wanawake hupoteza nywele za kwapani na za chini. Mwenye sukari huona insulini aliyozoea inamzidi nguvu. Huyu hahitaji dafu. Anahitaji dawa ya homoni kila siku, la sivyo homa moja tu inaweza kumwangusha. Na mtu akiwa na magonjwa yote mawili, dawa ya thairoidi ikitangulia kabla adrenali haijatibiwa inaweza kumtia hatarini. Hiyo ndiyo sababu dawa ya tezi hainunuliwi inboksi.

Na hapa niguse jambo ambalo najua nitatukanwa. Krimu za weupe. Zile tyubu ndogo za klobetasoli na betamethasoni mnazopaka uso mzima, mikono mizima, wengine mwili mzima wiki mbili kabla ya harusi, halafu mwaka mzima baada ya harusi. Hizo ni steroidi. Zinapenya ngozi, zinaingia kwenye damu, na adrenali zikiona kuna homoni ya bure zinaacha kufanya kazi. Sawa na zile za kumeza za kuongeza shepu. Kinshasa watafiti wameandika kuhusu wanawake wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe. Uso unavimba ukawa duara, mistari inachora tumbo, kichwani nywele zinapungua na kidevuni zinaota. Na kama umezitumia muda mrefu, usiamue leo kuzitupa zote ghafla kwa sababu umesoma posti yangu. Adrenali zilizolala haziamki siku moja. Nenda kwa daktari, mwambie ukweli, upunguzwe taratibu. Aibu ya dakika tano ni bora kuliko kuzirai.

La uchawi je? Watu wa Kilifi hatuwezi kuzungumzia nywele tukaliruka. Kaunti hii wazee wameuliwa kwa sababu ya mvi. Mvi tu! Mzee kaishi, kazeeka, kichwa kimekuwa cheupe, vijana wa umri wetu wakasema ni mchawi. Kuna wazee waliokimbilia Kaya Godoma kule Ganze kujiokoa na jamaa zao wenyewe. Wengine wanapaka rangi nyeusi kichwani ili waishi. Nywele zikiwa nyeupe, wewe ni mchawi. Zikidondoka, umerogwa. Kwetu nywele zimekuwa shahidi katika kesi ambayo hakimu ni uvumi. Sisemi uache dua. Mamangu alinisomea kila Ijumaa na nilifarijika. Ila yeye mwenyewe sasa anasema: dua na kipimo havigombani.

Na nyinyi mabroda wenye vicheko. Machi 2022 dunia nzima iliona mchekeshaji akifanya mzaha juu ya kichwa cha Jada Pinkett Smith kwenye Oscar. Wengi mlizungumzia kofi, wachache waliuliza ugonjwa. Alopesia yake ni kinga ya mwili kushambulia mizizi ya nywele, na huonekana zaidi kwa watu wenye maradhi ya thairoidi. Tena msidhani haya ni ya wanawake peke yao. Wanawake tunapata zaidi, ndio, lakini kaka anayekonda, anayetetemeka mikono na moyo unamwenda mbio, mnamwambia anatumia vitu. Huenda ni tezi.

Kama mnataka mfano wa nguvu, mtafuteni Gail Devers, mkimbiaji wa Marekani. Baada ya Olimpiki ya 1988 aliugua, nywele zikamdondoka, akazungushwa muda mrefu kabla ya kuambiwa ana Graves, thairoidi iliyopitiliza. Miguu yake ilikaribia kukatwa. Mwaka 1992 Barcelona akashinda dhahabu ya mita 100, na 1996 akarudia. Hakurudi kwa mafuta ya siku saba. Alirudi baada ya ugonjwa kupata jina lake na tiba yake.

Najua kuna atakayesema: we dada, si kila nywele inayodondoka ni thairoidi. Kweli kabisa! Rasta za kubana sana hula nywele za pembeni. Choa hula kwa viraka. Upungufu wa damu, uzazi, homa kali, lishe, hata mawazo yenyewe. Na kuna mwenye adrenali mbovu na nywele tele: Rais Kennedy wa Marekani alikuwa na Addison, na lile shungi lake mmeliona kwenye picha. Hiyo ndiyo hoja yangu. Kwa macho hujui. Kwa inboksi hujui. Kwa hivyo anayekuuzia jibu kabla hajakuuliza swali hata moja, huyo anafanya biashara tu.

Mwingine atasema, vipimo ni pesa. Ni pesa, sitadanganya, na inauma. Ila hesabu ulichotumia mwaka huu kwa kichwa chako. Na pale pesa hakuna kabisa, ndio pa kupigania. Mbona mwenye kisukari wa aina ya kwanza aombe TSH kama anaomba hisani, wakati miongozo inaitaja? Tunaposimama kudai barabara na maji, tudai na hili: vipimo vya tezi karibu na watu, kuanzia Magarini hadi Rabai, na vijana wagonjwa wasiambiwe "punguza mawazo" kabla ya sindano kugusa mshipa.

Ombi langu kwako ni hili. Nywele zikipungua kichwa kizima, na una mojawapo ya haya: uchovu usioeleweka, baridi au joto lisilo la kawaida, uzito kubadilika, moyo kwenda mbio, choo au hedhi kubadilika, uvimbe shingoni, au tayari una ugonjwa wa kudumu, nenda kaseme kwa sauti: "Naomba nipimwe thairoidi, na damu yangu iangaliwe kama imepungua." Andika dalili zako kwenye simu kabla ya kwenda, usizisahau ukifika. Ukijibiwa ni mawazo tu, uliza: "Mmejuaje?" Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Mie sasa nameza kidonge changu alfajiri tumbo likiwa tupu, nasubiri karibu saa nzima ndio nipate chai na mahamri, na dozi ya insulini imepangwa upya. Miezi minne. Usiku sukari haishuki ovyo. Shuka nimerudi kwa moja. Nyusi zimeanza kujaza, na kichwani kuna vinywele vifupi vimesimama kama nyasi baada ya mvua ya kwanza. Zikirudi zote, alhamdulillahi. Zisiporudi zote, bado nimepona kitu ambacho mafuta yalikuwa yakikificha.

Na ile picha siifuti. Komenti iko wazi. Ukitaka kuniandikia leo, anza na swali.